Historia Mbele ya Wenyewe

Kitabu cha Mathias E. Mnyampala kiitwacho Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika, kilipotoka mwaka 1954 kwa chapa ya Eagle Press chini ya East African Literature Bureau, hakikuingia katika nchi isiyojua kuhukumu habari za kale. Kwani Ugogo, tangu kabla ya herufi na karatasi na duka la vitabu, ilikuwa na watu wake wa kuzipima habari hizo, wazee wa koo, wenye visima, wenye makaburi ya baba zao, ambao kila mmoja wao alifahamu vema kwamba neno la kale likisemwa kombo hapana budi iko haki ya mtu itakayopungua. Watu hao ndio niliokusudia kuwataja, kwa sababu habari za vitabu vya historia huandikwa aghalabu kwa kuwafuata waandishi na kuwasahau waliovisoma, ilhali katika uwanda huu wa kati waliosoma, na waliosomewa, walikuwa na mengi ya kudai kuliko mwandishi mwenyewe.

Mnyampala alikuwa mtu wa hapo hapo. Alizaliwa mwaka 1917 huko Muntundya, katika Ihumwa, upande wa mashariki ya mji wa Dodoma, akatumikia serikali ya kikoloni kwa ukarani na hatimaye kwa uliwali. Na watu wa nje ya Ugogo walimjua zaidi kwa ushairi, kwa tenzi zake za Enjili na Zaburi, kwa uongozi wake katika UKUTA, chama cha Kiswahili na ushairi, na kwa zile ngonjera ambazo kitabu chake cha kwanza kilichapwa mwaka 1970, yeye akiwa amekwisha fariki mwaka uliotangulia. Liwali ni mtu aketiye barazani akasikiliza watu wakigombea mpaka wa shamba, mahari ya ng'ombe na urithi wa marehemu. Na haiyumkini mtu akae katika kazi hiyo asitambue kwamba nusu ya ushahidi uletwao mbele yake ni historia, yaani nani alitangulia kufika, babu yake alitoka wapi, nani alimwonyesha mahali pa kujenga, na kwa ng'ombe wangapi. Naona kitabu chake kina harufu ya baraza hilo. Habari za asili ya koo na za watawala zimepewa humo nafasi kubwa, na msomaji wa pwani aliyetarajia visa vya vita na mapenzi huenda alichoka mapema. Lakini msomaji wa Ugogo alijua kwamba majina yale ndiyo kiini cha neno.

Kwani Wagogo si watoto wa mlango mmoja. Masimulizi ya koo zao yanawataja wazee waliotoka Uhehe, Unyamwezi, Ukaguru na kwingineko, wakakutana katika nchi kavu ambayo mvua yake ni ya msimu mmoja, tangu Desemba hata Aprili, na ambayo kwa mwaka mzima hupata takriban milimita 500 hadi 600 pale mbingu zinapokuwa karimu. Mtemi wa Ugogo hakuwa mwenye majeshi kama Mkwawa wa Uhehe au Mirambo wa Unyamwezi. Mamlaka yake yalitokana na mawe ya mvua na kigoda alivyorithi kwa waliomtangulia, na mipaka ya nchi yake ilikuwa mipaka ya ibada, kwamba mahali hapa huombewa mvua na huyu na ng'ambo ya kilima kile huombewa na yule. Swali la kwa nini mawe hayo yako mikononi mwa ukoo huu, wala si mwa ule uliofika nyuma yao au uliodai kufika mbele yao, halikuwa na jawabu ila masimulizi ya safari: wapi walilala, nani walimkuta, nani aliyewasha moto kwanza. Masimulizi hayo yalikuwa hati ya nchi, na kuyageuza kulikuwa sawa na kuighushi hati.

Waingereza walipoleta mwaka 1926 sheria ya serikali za wenyeji, chini ya Gavana Donald Cameron, wakataka kila nchi itajiwe mtawala wake wa haki kwa mujibu wa mila, hati hizo za mdomo zilipanda thamani kwa ghafula, kwa kuwa mwenye nasaba iliyokubaliwa ofisini alipata sasa mshahara, baraza na karani. Wengine walipata na sifa iliyovuka Ugogo, kama Mtemi Mazengo wa Mvumi, ambaye jina lake lilipewa baadaye ile shule ya sekondari ya Dodoma iliyokuwa ikiitwa Alliance. Utaratibu huo ulidumu hata mwaka 1963, serikali ya Tanganyika huru ilipoufuta utemi kwa sheria. Hivyo kitabu cha mwaka 1954 kilisomwa miaka tisa hali kila ukurasa uliotaja ukoo wa watawala ulikuwa na mwenyewe aliye hai, na pengine mwenyewe huyo alikuwa akila mshahara kwa nguvu ya habari iliyoandikwa pale.

Hata salamu ya nchi hii haiachi nasaba nyuma. Mgogo akimsalimu mwenziwe husema mbukwa, na kwa mwenye adabu neno hilo hufuatwa na jina la heshima la ukoo wa anayesalimiwa, kiasi kwamba watu wawili wakikutana njiani huwa wamekwisha kumtaja babu kabla hawajaulizana habari za ng'ombe na mvua. Na mzee asimuliapo habari za ukoo wake, penye kivuli cha ukuta wa tembe, aghalabu husimulia mbele ya watu wanaoijua habari hiyo kama aijuavyo yeye. Hasimulii ili wapate kujua, asimulia ili washuhudie. Akiruka jina moja katika safu, yuko atakayemkatiza. Akisema watu wa ukoo fulani walikaribishwa, mtu wa ukoo huo atasema la, tulikuta pori tupu. Na mjukuu wa mke mdogo, aliyekuwa kimya tangu mwanzo, atauliza mbona wametajwa watoto wa nyumba kubwa peke yao. Msimulizi hujibu, au hukubali, au hukasirika, na habari huendelea ikiwa imetiwa kiraka. Hiyo ndiyo hadhira ambayo kitabu kilichopigwa chapa, kisichoweza kukatizwa wala kujibu, kiliikuta.

Sasa tuweke kando ya kitabu hicho kitabu kingine cha Kiswahili, Mashujaa: Hadithi za Kiyunani, kilichochapwa na Sheldon Press ya London, nacho ni tafsiri ya kile ambacho Charles Kingsley aliwaandikia watoto wake mwaka 1856. Ndani yake yumo Perseus aliyemkata kichwa Medusa, wamo Jason na wenzake wa merikebu ya Argo waliokwenda kutafuta ngozi ya kondoo yenye sufu ya dhahabu, yumo Theseus aliyemwua yule nusu mtu nusu fahali katika nyumba ya vichochoro visivyo na mwisho. Msomaji wa uwanda wa kati alipokisoma hakuwa na la kudai. Perseus hana mjukuu Mvumi wala Kongwa; hakuna mtu wa Bahi awezaye kusimama na kusema kwamba Theseus hakuwa mtoto wa nyumba kubwa; na kama mfasiri aliruka jina la bibi wa Jason, hakuna aliyelala na njaa kwa sababu hiyo. Swali lililobaki ni moja tu, hadithi ni tamu au si tamu, na mwalimu akiongeza la kwake, lina mafunzo gani. Siwalaumu waliosoma hivyo, maana raha ya kusoma bila kesi ni raha ya kweli, na mtoto aliyeshinda machungani na ng'ombe tangu alfajiri anastahili kumfuata Jason baharini asiulizwe neno. Nasema tu kwamba usomaji wa namna hiyo hutumia sehemu ndogo ya akili ambayo babu wa mtoto huyo aliitumia kila jioni.

Tena Wayunani wenyewe hawakuwa na raha hiyo. Visa hivyo ambavyo kwetu vilifika vikiwa hadithi za kitoto vilikuwa kwao hati, kama zilivyokuwa hati habari za mawe ya mvua. Inasimuliwa kwamba Athens na Megara zilipogombea kisiwa cha Salamis, karne ya sita kabla ya kuzaliwa Isa, shauri likapelekwa mbele ya waamuzi watano wa Sparta, naye Solon wa Athens akatoa katika ushahidi wake mahali katika utenzi wa Homer panapotaja merikebu kumi na mbili za Ajax wa Salamis zikiegeshwa kando ya kikosi cha Athens katika vita vya Troy. Watu wa Megara wakasema maneno yale yametiwa na Waathens wenyewe. Kisha Solon, kwa riwaya ya Plutarch, akaingia makaburini: maiti wa Salamis, alisema, wamelazwa kuelekea magharibi kama wafanyavyo Waathens, na Wamegara huwaelekeza wao mashariki. Mwandishi mmoja wa Megara, Hereas, akajibu kwamba si kweli, sisi nasi twawaelekeza magharibi, na juu ya hayo Mwathens huzikwa peke yake katika kaburi lake, hali kwetu watu watatu au wanne hulala pamoja. Msomaji wa Ugogo hahitaji kufasiriwa hoja hiyo. Makaburi ya waliotangulia ni ushahidi wa kukaa, na mtu aulizwapo kwao ni wapi huweza kwenda na kuonyesha kwa kidole walipolazwa wazee wake. Nadhani liwali wa Dodoma angeisikiliza kesi ya Salamis asubuhi moja na kuahirisha hukumu mpaka wazee waende wakayaone makaburi kwa macho yao.

Na kama mtu adhani kwamba ghadhabu ya msomaji mwenye nasaba hupoa baada ya kizazi kimoja au viwili, amtazame huyo huyo Plutarch. Alikuwa mtu wa Chaeronea katika nchi ya Boeotia, na aliishi zaidi ya miaka 500 baada ya Herodotus, ambaye katika historia yake ya vita vya Uajemi aliandika kwamba watu wa Thebes, mji mkuu wa Boeotia, walisimama upande wa adui. Plutarch, mtu mpole katika maandiko yake mengine, alikaa akaandika risala nzima kuthibitisha kwamba Herodotus alikuwa na nia mbaya. Wataalamu wameicheka risala hiyo, kwa kuwa mara nyingi hoja zake ni dhaifu; mimi naiona ni ya kuheshimiwa kwa jambo moja, kwamba mtu huyu alisoma kitabu cha karne tano zilizopita kama kitabu kilichowataja wazee wake, akapinga neno kwa neno, mahali kwa mahali, kama afanyavyo mzee wa Mpwapwa akisikia ukoo wake umehesabiwa miongoni mwa waliokimbia. Wengi waliosoma kwa ajili ya raha hawakumsoma Herodotus kwa uangalifu kama huo.

Zaidi ya nasaba kuna msiba. Phrynichus, mtungaji wa michezo wa Athens, alitunga mchezo juu ya kutekwa kwa mji wa Miletus, ambao Waajemi waliuangamiza mwaka 494 kabla ya Isa na ambao watu wake walikuwa ndugu wa Waathens. Na mchezo huo uliletwa jukwaani wakati ambapo habari hizo zilikuwa bado mbichi. Herodotus asimulia kwamba hadhira yote iliangua kilio, kisha mji ukamtoza mtungaji faini ya drakma 1,000 kwa kuwakumbusha watu misiba yao, ukaagiza mchezo huo usichezwe tena na yeyote. Faini hiyo hutajwa aghalabu kuwa ni mfano wa dola kumwonea msanii, na pengine ni hivyo. Lakini mwenye kufikiri juu ya Ugogo atauliza pia jambo jingine: je, yapo ambayo watu wake wameyahifadhi katika jina tu, wakalitaja kila siku, bila kupenda kulisimulia tangu mwanzo hata mwisho?

Jina hilo lipo, nalo ni Mtunya. Wakati wa vita ya kwanza ya dunia, majeshi ya Wajerumani yalichukua katika Ugogo nafaka, ng'ombe na watu wa kubeba mizigo. Waingereza walipoiteka Dodoma mwaka 1916 nao wakachukua, kwa kuwa jeshi halikuwa na jinsi ya kula ila kwa kula cha wenyeji. Ghala zikiwa tupu na vijana wengi wasirudi, mvua zikakosa, na tangu mwaka 1917 hata 1920 ikaja njaa ambayo inakadiriwa iliua watu takriban 30,000 katika watu 150,000 wa nchi ya Dodoma, huku homa ya mafua iliyozunguka dunia ikimalizia waliodhoofika. Njaa nyingine za Ugogo zina majina yake, kwani hapa miaka huhesabiwa kwa njaa kama pengine inavyohesabiwa kwa wafalme, ila hii ndiyo iliyokuwa tarehe ya tarehe zote: mtu alizaliwa kabla ya Mtunya, au wakati wake, au baada. Katika kusimulia, wazee hutaja jina wakapita. Habari za mtu aliyemwacha mtoto njiani, au aliyempeleka binti yake kwa wenye chakula, ni habari ambazo wenyewe wana wajukuu katika kijiji kile kile, na kila mwenye kusikia aweza kujumlisha. Mwandishi wa riwaya ya kihistoria atakayeichukua Mtunya akaitia wahusika na mazungumzo atakuwa mahali pale pale aliposimama Phrynichus, na sina hakika kwamba hadhira yake itaishia kwenye kulia.

Kinyume cha hayo yote ni vitabu vilivyoandikwa juu ya watu bila kutazamiwa kwamba watu hao watavisoma. Mwambao wetu ulianza kuandikwa hivyo mapema sana: baharia mmoja aliyeandika kwa Kiyunani katika karne ya kwanza ya Isa alitaja bandari za Azania hata Rhapta, bandari ya mwisho, pamoja na pembe za ndovu zake, akiwaandikia wafanya biashara wenziwe wa Misri. Ugogo ulifikiwa na kalamu ya namna hiyo mwaka 1857, Richard Burton na John Speke walipopita wakienda Unyamwezi, kisha mwaka 1871 Henry Morton Stanley alipopita akimtafuta Livingstone. Burton alichapa kitabu chake mwaka 1860 na Stanley mwaka 1872, na wote wawili walijaza kurasa kwa manung'uniko juu ya hongo, vitambaa na shanga na masango waliyotozwa na watemi wa Ugogo kila baada ya safari fupi. Msomaji wa London alikubaliana nao, kwa kuwa hakuwako mtu wa kumkatiza msimulizi. Angekuwako Mgogo mmoja katika hadhira, angewauliza maswali mepesi tu. Msafara wa mamia ya wapagazi pamoja na punda umetoka katika Marenga Mkali, pori la maji machungu, una kiu; mbele yake, upande wa magharibi, uko Mgunda Mkali, pori jingine lisilo maji; katikati ya mapori hayo mawili kuna watu wenye visima walivyochimba kwa mikono yao na uwele wa kuwatosha wenyewe mpaka mavuno. Maji hayo yanywewe bure kwa sheria gani, na ya nani? Kitabu cha Mnyampala, kilichokuja karibu miaka mia moja baadaye, kilisomwa na watu waliokuwa wakilingoja jawabu hilo lichapwe.

Sipendi hata hivyo kuonekana kwamba nasema habari za Uyunani hazikuwa na njia ya kuingia katika moyo wa mtu wa hapa. Mwaka 1971 ilitoka kwa Oxford University Press tafsiri ya mchezo wa Sophocles, Mfalme Edipode, kazi ya Samuel Mushi, ambaye alikuwa amekwisha kuitafsiri Makbeth ya Shakespeare. Mchezo huo unaanza na nchi iliyougua: mazao yanakauka, mifugo inakufa, wanawake hawazai, watu wamekuja mbele ya mfalme wao na matawi mikononi kumwomba afanye jambo, naye amekwisha kumtuma shemeji yake kwa waaguzi wa Delphi kuuliza sababu. Katika Ugogo mvua ilipokataa, watu walikwenda kwa mtemi, na mtemi alituma kwa mganga kuuliza ni kosa gani lililofanyika na nani aliyelifanya, kwa kuwa ukame haukuhesabiwa kuwa jambo la hewa peke yake; kosa likijulikana, liliondolewa, na ng'ombe mweusi alichinjwa. Kisha mchezo unaendelea mpaka mfalme agundue kwamba hakuwa mtoto wa aliyemdhani kuwa baba yake. Msomaji wa Ulaya ya leo huona humo habari ya siri za nafsi. Msomaji aliyelelewa na salamu ya mbukwa huona kwanza habari ya mtu aliyekuwa akisalimiwa maisha yake yote kwa jina lisilo lake, na sioni kwamba amesoma vibaya kuliko yule mwingine. Huenda yuko karibu zaidi na watu waliokaa katika ukumbi wa Athens wakiutazama mchezo huo kwa mara ya kwanza.

Waandishi wetu wa kubuni wameijua hatari hii. Ebrahim Hussein, alipotoa Kinjeketile mwaka 1969, aliona haja ya kuonya tangu mwanzo kwamba Kinjeketile wake ni mtu wa mchezo, asidhaniwe kuwa ndiye yule wa Ngarambe aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1905. Onyo hilo lina maana mahali ambapo msomaji ana njia ya kupinga. Kingsley hakuhitaji kuwaonya watoto wa Uingereza kwamba Perseus si Perseus wa kweli.

Mnyampala hakuwa na kinga hiyo, kwa sababu aliandika historia, tena aliiandika kwa Kiswahili. Uchaguzi huo wa lugha ulikiweka kitabu mbele ya wasomaji wawili kwa mara moja: Mgogo aliyeijua habari na kutafuta ukoo wake, na Mswahili, Mnyamwezi, Mhehe, Mchaga aliyetaka kujua Wagogo ni watu gani. Kwa huyu wa pili ilipasa koo nyingi zenye safari mbalimbali zikusanywe zionekane kabila moja lenye historia moja; kwa yule wa kwanza, kukusanywa kwenyewe kulikuwa hasara, maana lililokuwa la ukoo likawa la wote. Naamini Mnyampala aliliona jambo hilo akalikubali. Zilikuwa siku za TANU, iliyoanzishwa mwaka huo huo wa 1954, na mtu mwenye mapenzi ya Kiswahili kama yake alipenda kuwaonyesha Wagogo wakiwa na mahali pao katika Tanganyika. Kitabu hicho kilipata baadaye na wasomaji wa tatu, Gregory Maddox alipokitoa kwa Kiingereza mwaka 1995. Nao, kama wasomaji wa Mashujaa, hawana ukoo wa kuutafuta humo.

Hasara hiyo ya koo ilikuja kulipwa na mtu mwingine. Katika mwaka 1970 na 1971, Operesheni Dodoma iliwahamisha watu wa Ugogo kuwaingiza katika vijiji vya ujamaa, wakaacha matembe yaliyotawanyika, wakaacha na makaburi. Na mwaka 1973 ikakatwa shauri Dodoma iwe makao makuu ya nchi, ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, na ardhi iliyojulikana kwa majina ya waliofyeka pori ikaanza kujulikana kwa namba za viwanja. Ushahidi wa kidole, wa kuonyesha kaburi na mbuyu na kisima, ukawa haupatikani tena kwa wepesi. Katika hali hiyo Mzee Ernest Musa Kongola, aliyekuwa amestaafu katika kazi ya elimu, akaanza kuandika historia za koo, ukoo mmoja kwa kitabu kimoja, majuzuu yaliyowaendea jamaa wenyewe badala ya kwenda kwa wachapaji wakubwa na maduka. Kazi hiyo imeelezwa katika kitabu alichokitoa pamoja na Maddox mwaka 2006, nacho kinazungumza juu ya kuandika, kukumbuka na kuwasilisha habari mbele za watu. Kati ya majuzuu hayo limo la ukoo wa Wevunjiliza, ambalo katika jina lake lina salamu kamili, Mbukwa Muhindi wa Cibogolo, na muda wa habari zake: toka 1688 mpaka 1986.

Mwaka huo 1688 nimeutafakari sana. Hapakuwa na kalenda ya Kizungu katika Ugogo wakati huo, wala msafiri wa kuandika. Mwaka wa namna hiyo mtu huufikia kwa kuhesabu vizazi kurudi nyuma na kukipa kila kizazi miaka yake. Herodotus alifanya hivyo hivyo, akasema vizazi vitatu ni miaka mia, na akasimulia kisa cha Hecataeus wa Miletus, aliyewaambia makuhani wa Thebes ya Misri kwamba nasaba yake yafika kwa mungu katika kizazi cha kumi na sita, nao wakamwingiza hekaluni wakamwonyesha sanamu 345 za makuhani, baba na mwana, baba na mwana, wala hapakuwa na mungu hata mmoja miongoni mwao. Kwa hesabu ya Herodotus, miaka 298 iliyo kati ya 1688 na 1986 ni vizazi tisa, na kwa hiyo juzuu hilo, kabla hata halijafunguliwa, limekwisha mpa kila mtu wa ukoo huo kazi ya kufanya kwa vidole vyake. Mwenye majina tisa kutoka kwake hata kwa mzee wa kwanza atatikisa kichwa kwa ridhaa. Mwenye majina kumi atataka mwaka urudishwe nyuma hata kufika 1653 au karibu yake, na atalitaja lile jina lililorukwa, na la mama yake pia.